Maana za "run": usikariri orodha

Ndugu, umeuliza utakariri vipi maana zote za "run" kabla ya mtihani, kwani kila ukifungua kamusi unakuta nyingine. Achana na mpango huo. Kamusi kubwa ya Oxford imeorodhesha maana 645 za kitenzi hicho. Hata Mwingereza hana zote kichwani.

Andika sentensi nzima daftarini. "She runs a shop", anaendesha duka. "My nose is running", natokwa na kamasi. "We ran out of sugar", sukari imetuishia. Hii ya mwisho itazame vizuri: kwetu sukari ndiyo inayoisha, ila Kiingereza kinatanguliza "we". Wengi huteleza hapo.

Visawe navyo vijaribu ndani ya sentensi. "Manage" inafaa kwenye duka, kwenye pua haiingii kabisa. Kwenye uchaguzi, Mmarekani husema "run for office", Mwingereza "stand for office".

Mbona piga simu, piga pasi na piga kura hukufundishwa kwa orodha? Anza na tano unazokutana nazo kwenye vitabu vyako vya darasani, kisha ongeza kadiri unavyosoma.