Deep Freeze: kwa nini masasisho yanarudi kila asubuhi

Ndugu, umeuliza kwa nini mashine za kafe yako zinapakua masasisho yaleyale ya Windows kila asubuhi, na CV ya mteja ilipotelea wapi. Jibu ni moja: mashine ikiwa Frozen (yaani imegandishwa na programu ya Deep Freeze), kila kinachoandikwa kwenye diski C hutupwa ikizimwa au ikiwashwa upya. Masasisho nayo yanatupwa.

Shikilia Shift, bofya mara mbili ikoni ya dubu karibu na saa (ikiwa imefichwa, Ctrl+Alt+Shift+F6), weka nywila, chagua Boot Thawed (iwake bila kugandishwa), kisha iwashe upya. Dubu akionyesha alama nyekundu ya X, mashine iko wazi. Sasisha Windows na antivirasi, washa upya hata mara mbili tatu mpaka kusibaki sasisho linalosubiri, ndipo urudishe Boot Frozen. Wengi hukosea hapo: wanagandisha sasisho likiwa nusu, kisha kila ikiwaka mashine inajaribu kulimalizia upya.

Faili za wateja zipelekwe kwenye ThawSpace (sehemu ya kuhifadhi ambayo Deep Freeze haiifuti) au flashi. Na nywila iandike daftarini, maana hata kuiondoa programu yenyewe lazima kwanza mashine iwe Thawed, na hilo linataka nywila.