Achia mafuta: niliyojifunza kwenye Moto X3M ya theluji

Theluji mimi naijua ya Kibo tu, ile unayoitazama asubuhi kutoka Moshi kabla mawingu hayajaifunika. Kwa hiyo mdogo wangu aliponionyesha Moto X3M 4 Winter, gemu ya pikipiki inayochezwa ndani ya kivinjari, kilichonivuta kwanza ni ule weupe. Nikakaa, nikaanza. Nikafa, nikafa tena. Nilikufa mara nyingi kwenye njia za mwanzo kabisa, na sababu ilikuwa ileile: kidole changu hakikutoka kwenye mshale wa juu.

Mishale minne ndiyo kazi yote. Wa juu unavuta mafuta, wa chini unashika breki, wa kushoto unainua tairi la mbele, wa kulia unalilaza. Mgeni hubana mafuta kuanzia mwanzo hadi mwisho akidhani mbio ni kasi tu. Ukishapaa, mafuta hayakusaidii tena. Kilichobaki mkononi mwako ni namna utakavyotua. Mimi nilibadilika siku nilipoacha kuitazama pikipiki nikaanza kutazama mahali inapokwenda kuangukia. Kama mbele kuna mteremko, ilaze pikipiki ifuate mteremko huo, matairi yote mawili yaguse pamoja. Ukitanguliza kichwa, umekwisha.

Breki nayo watu wanaidharau bure. Mitego mingi inatembea: kuna inayozunguka, kuna inayodondoka ukikaribia. Njia nisiyoijua naipita polepole mara ya kwanza, nasimama kabla ya kila mtego, nauangalia unavyokwenda na kurudi mpaka niushike mwendo wake. Muda unaopotea hapo haunisumbui hata kidogo, kwa sababu siku hiyo natafuta kumaliza tu. Nyota tatu, ambazo ndizo alama ya juu ya kila njia, nazirudia baadaye, njia ikishakaa kichwani.

Nyota zenyewe zinatokana na muda, na hapa ndipo sarakasi zinapokuwa na faida. Kila ukizunguka mzunguko kamili hewani na kutua salama, unapunguziwa nusu sekunde kwenye saa yako. Inaonekana ndogo, lakini mara nyingi nusu sekunde hiyo ndiyo iliyonitenga na nyota ya tatu. Ila tamaa itakuponza. Kama kilima kinakupa nafasi ya mzunguko mmoja, chukua mmoja. Wa pili nilijaribu mara nyingi, na mara nyingi nilitua na kichwa.

Jambo jingine ni zile bendera za njiani. Ukifa unarudishwa kwenye bendera ya mwisho uliyopita, lakini saa haikusubiri, inaendelea kuhesabu. Ukiwa unasaka nyota tatu na umeanguka mapema, anza njia upya kabisa. Usijichoshe kumalizia safari ambayo muda wake umeshaharibika.

Kwenye simu gemu inachezeka, ingawa vidole vinafunika sehemu ya kioo na mtego unaweza kukutokea ghafla. Ukipata kompyuta yenye kibodi, utaona tofauti siku hiyohiyo. Na tafadhali, tovuti yoyote ikikuambia upakue Flash, programu ya zamani ya kuchezea gemu kwenye kivinjari, kwanza ndipo ucheze, ifunge. Wenye programu hiyo, kampuni ya Adobe, waliacha kuihudumia Flash Player mwisho wa mwaka 2020, na gemu hii haiihitaji. Wanaokudai hivyo leo wanaweza kukupa virusi.

Jana usiku nilirudi kwenye njia iliyonitesa wiki nzima. Kabla ya ukingo niliachia mafuta, nikazunguka mara moja, matairi yakagusa barafu kwa pamoja. Nyota tatu. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti muda wote bila kusema neno. Akanigusa bega: "Kaka, nipishe na mimi."