Mstari mweusi kwenye ukucha: lini ni kawaida, lini uende hospitali

Mkuu, umeuliza kama mtu mweusi hupata kansa ya ngozi, na kama huo mstari mweusi kwenye ukucha wa dole gumba la mguu ni wa kuogopa.

Hupata. Kwetu ni nadra kuliko kwa Wazungu, na kwa sababu hiyo hiyo wengi hugundulika imeshasambaa. Bob Marley yake ilianzia kwenye dole la mguu. Ilijulikana 1977, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Melanoma (kansa ya seli za rangi ya ngozi, kama hiyo ya Marley) kwetu hupenda unyayo, kiganja na chini ya ukucha, kwa hiyo losheni ya jua haiikingi. (Mwenye ualbino ni habari nyingine: kwake losheni, kofia pana na nguo za mikono mirefu ni kila siku.)

Mistari myembamba ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa watu weusi. Wa kutilia shaka ni ule uliojitokeza ukubwani kwenye ukucha mmoja tu, unaozidi milimita 3, unaopanuka, wenye rangi zisizolingana. Weusi ukishamwagikia kwenye ngozi ya shina la ukucha, nenda wiki hiyo hiyo.

Kama ulijikwaa, huenda ni damu iliyovilia. Piga picha ukiweka rula pembeni, rudia baada ya wiki 6 hadi 8. Ukucha wa dole gumba la mguu hukua kama milimita 1.5 kwa mwezi, hivyo damu husogea mbele na kuacha sehemu safi shinani. Weusi ukiwa bado umeng'ang'ania shina, usisubiri picha ya tatu.

Tafadhali usikwangue wala kupaka dawa ya chunjua. Kinyama cha kipimo kitoke kwenye shina, ziliko seli zinazotengeneza rangi. Kipande cha ukucha peke yake hakitoshi. Kiwekwe kwenye formalini (dawa ya kukihifadhi kisioze), kiende patholojia (maabara ya kupima vinyama), na wewe udai majibu ya maandishi. Inasikitisha sana uvimbe unapokatwa na kutupwa bila kupimwa.

Mwenye donda ndugu au kidonda juu ya kovu la moto la miaka mingi naye asome hapa. Kingo zikiinuka, zikawa ngumu na kutoa damu kirahisi, apimwe kansa. Vinyama vichukuliwe pembeni, sehemu zaidi ya moja. Katikati mara nyingi ni nyama iliyokufa, majibu yanaweza kutoka "hakuna kansa" wakati ipo.

Wilayani hakuna daktari wa ngozi? Omba rufaa. Kwa kaskazini mwa Tanzania, hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi.