Mkanda kwanza, diski baadaye: ushauri kwa anayeanza kuhamisha video za zamani

Anayeanza kazi ya kuhamisha mikanda ya VHS kwenye DVD huuliza kwanza anunue rekoda gani, na mimi nilianza hivyo hivyo. Baada ya miaka kadhaa ya kuifanya kazi hii mjini Tanga, kwanza kwa mikanda ya nyumbani kwetu na baadaye kwa ya majirani na wateja, namshauri anayekuja kujifunza kwangu aulize kwanza habari za mkanda wenyewe na za deki itakayoucheza. Rekoda hupokea kile inacholetewa. Picha ikiingia inatetemeka itarekodiwa inatetemeka, na hakuna kitufe cha rimoti kitakachorudisha kile ambacho hedi chafu, yaani kichwa cha deki kinachosoma utepe, ilishindwa kukisoma.

Kabla ya kuupokea mkanda wowote, uinue kwenye mwanga na utazame kupitia kidirisha cha kasha. Utepe uliozungushwa vizuri huonekana mweusi, laini, na kingo zake ziko sawa kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Ukiona unga mweupe au utando unaofanana na wa buibui juu ya mzingo, huo ni ukungu, na huku pwani ni jambo la kawaida, kwa sababu mikanda mingi imekaa miaka ishirini au thelathini chini ya kabati, katika joto na unyevunyevu. Nilijifunza kwa gharama. Mkanda mmoja wa harusi ya mwaka 1989 niliutia kwenye deki bila kuukagua. Dakika chache baadaye picha ilijaa chenga, nikautoa, nikatia mkanda wa mteja mwingine, kisha wa tatu, nikidhani tatizo ni la mkanda wa kwanza peke yake. Kumbe unga ule ulikuwa umeshikamana na ngoma ya hedi, ile silinda inayozunguka na kubeba hedi, na kila mkanda niliotia baada ya hapo ulipokea sehemu yake. Siku hizi mkanda wenye shaka haugusi deki ninayoitegemea. Ninayo deki nyingine kuukuu kwa ajili ya huo tu.

Mkanda wenye ukungu kidogo unaweza kuokolewa. Uweke siku kadhaa ndani ya kopo linalofungika vizuri pamoja na vifuko vya silika jeli, ili ukungu ukauke na kuwa vumbi badala ya kuwa utelezi. Kisha fungua kasha nje ya nyumba, ukiwa umevaa barakoa. Kasha la VHS hushikwa na skrubu tano upande wa chini; zitoe, ulishike kasha kwa mikono miwili, uligeuze ili upande wa juu uangalie juu, ndipo uinue kifuniko, la sivyo vigurudumu na springi ndogo za ndani zitamwagika na hutajua kilichokuwa wapi. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote. Futa kingo za mizingo kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha uihamishie kwenye kasha zima la mkanda usio na thamani. Kama tabaka za utepe zimegandana, usizivute; acha kazi hiyo kwa aliyekuzidi uzoefu.

Mkanda ulio safi nao una mambo yake. Kwanza vunja kile kibanzi kidogo cha plastiki kwenye mgongo wa kasha, maana mkanda ambao kibanzi chake kimo bado unaweza kurekodiwa juu yake kwa kosa la kidole kimoja. Pili, usiucheze papo hapo. Upeleke mbele hadi mwisho, uurudishe hadi mwanzo, ndipo ucheze, kwa sababu utepe uliokaa miaka mingi bila kuzungushwa huwa umekaza mahali pengine na kulegea pengine.

Kuhusu kusafisha hedi, wengi hutumia vijiti vya pamba, na wengi hujuta. Ngoma ya hedi katika PAL, mfumo wa picha wa huku kwetu, huzunguka mara 1500 kwa dakika, na hedi zenyewe ni vipande vidogo mno vinavyochomoza kidogo tu kwenye ukingo wake. Nyuzi za pamba hukwama hapo, na ukisugua kutoka juu kwenda chini unaweza kuzivunja hedi. Tumia kipande cha ngozi laini kilicholowanishwa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ukishikilie pasipo kukisogeza, na uizungushe ngoma polepole kwa kidole cha mkono mwingine ukiigusa kwa juu. Subiri ikauke kabisa. Deki ndiyo kifaa cha kutunza kuliko vyote, kwa sababu hazitengenezwi tena: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, ilisimamisha kazi hiyo mwezi Julai 2016. Ukikuta mbili za aina moja kwa muuza vitu vya mitumba, nunua zote mbili, ya pili iwe ya vipuri.

Lipo pia suala la mifumo. Mikanda ya Tanzania na Kenya ni ya PAL, na ya Oman vilevile, kwa hiyo mikanda iliyotumwa na ndugu wa Muskat haikuwahi kunipa taabu. Iliyotoka Marekani ni habari nyingine, kwa kuwa mfumo wa mikanda ya kule ni NTSC, wenye mistari 525 badala ya 625 na takriban picha 30 kwa sekunde badala ya 25. Deki nyingi za kwetu huandikwa kwamba zinacheza NTSC, na kwenye televisheni picha huonekana vizuri kabisa. Hapo ndipo mtego ulipo. Deki ya namna hiyo mara nyingi haitoi NTSC halisi; hutoa mchanganyiko uitwao PAL 60, ambao televisheni nyingi huuvumilia lakini rekoda nyingi hazikubali, na utapata picha inayopanda na kushuka, au isiyo na rangi, au skrini tupu. Niliharibu diski nne nikibadilisha waya kabla ya kuelewa kwamba waya hazikuwa na kosa. Dawa ni deki ya mifumo mingi inayotoa NTSC halisi, na rekoda iliyowekwa kwenye NTSC kabla ya kuanza. Usichanganye mifumo miwili ndani ya diski moja.

Waya hazihitaji maneno mengi. Wa njano ni wa picha, mweupe na mwekundu ni wa sauti. Kama deki na rekoda zote zina tundu la S-Video, litumie kwa picha. Sauti ndiyo inayosahauliwa. Deki za Hi-Fi husoma njia mbili za sauti, ile ya kawaida iliyo ukingoni mwa utepe na ile ya Hi-Fi iliyorekodiwa na hedi zinazozunguka, na ukingo wa utepe ndio unaochakaa mapema. Hata hivyo sikiliza zote mbili kabla ya kuchagua, kwa sababu katika mkanda uliochakaa njia ya Hi-Fi hukatikakatika kwa mivumo, na hapo ile ya kawaida, ingawa ni hafifu, huwa afadhali. Rekebisha na trakingi, yaani jinsi hedi zinavyofuata njia za picha kwenye utepe, kwa kutazama ukanda wa chenga ukihama, lakini usihangaike na mstari mwembamba unaocheza chini kabisa ya picha, kwani huo umo katika kila mkanda wa VHS na televisheni za zamani ziliuficha nyuma ya fremu.

Sasa rekoda. Diski ya kawaida ina gigabaiti 4.7, na rekoda itakupa nafasi ya kuchagua kiwango cha ubora: XP kwa saa moja, SP kwa saa mbili, LP kwa saa nne, na nyingine za chini zaidi. Mkanda wa E-180 ni wa saa tatu, na karibu kila mteja atataka uingie kwenye diski moja. Atakuambia picha yenyewe ni mbovu tangu zamani, kwa hiyo ubora wa chini hautaonekana. Hoja hiyo ina mantiki lakini ukweli uko kinyume chake. Chenga za mkanda wa zamani hubadilika katika kila picha, na rekoda haina njia ya kutambua kwamba ni uchafu. Huzihesabu kuwa ni mambo ya kuhifadhiwa, huzipa nafasi, na kinachokosa nafasi ni uso wa mtu. Katika LP rekoda nyingi hupunguza pia upana wa picha kutoka nukta 720 hadi 352. Tazama mchele unaporushwa juu ya maharusi katika LP: kila punje hugeuka mraba. Mimi husimama kwenye SP na diski mbili, na kwa mkanda wenye mwendo mwingi, kama wa watu wanaocheza ngoma, hupanda hadi XP. Ukipata rekoda yenye diski kuu (hard disk) ya ndani, irekodie humo kwanza kwa ubora wa juu, ugawe sehemu, ndipo uzihamishie kwenye diski kwa mwendo wa haraka, ambao haubani picha upya.

Diski iliyorekodiwa haijakamilika mpaka ifungwe, yaani ipitie hatua ya mwisho inayoifanya isomeke kwenye mashine nyingine. Nilikuwa na kawaida ya kurekodi juma zima na kuzifunga zote Jumamosi. Ijumaa moja rekoda ikafa, na diski kumi na mbili zikabaki ndani ya kasha, kila moja ikisomeka kwenye mashine moja tu duniani, nayo haiwaki. Rekoda ya rafiki yangu, ya kampuni nyingine, ilizikataa. Mikanda ilikuwepo bado, kwa hiyo nilirudia kazi yote, lakini mikanda miwili ilikuwa imechoka zaidi katika mara ya pili. Funga kila diski siku ile ile, na usiifunge bila UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, maana umeme ukikatika katikati ya hatua hiyo diski huwa imekwisha.

Rekoda ikikataa kurekodi na kutoa ujumbe wa kuzuia nakala, mara nyingi mkanda huo ni wa filamu ya dukani, na hiyo siipokei. Hutokea pia mkanda wa nyumbani ukadhaniwa una kinga hiyo, kwa sababu mawimbi yake yameyumba mno. Kifaa cha kusawazisha mawimbi kati ya deki na rekoda humaliza tatizo.

Wengi wanaoanza hupenda kukata sehemu wanazoziona hazina maana, ili muda utoshe. Usikate. Nyumba nyingi za Bara zilikuwa na deki kabla vituo vya televisheni havijaanza mwaka 1994, na mkanda wa harusi ulichezwa kila alipokuja mgeni, ukasimamishwa kila mara pale bibi harusi anapoingia, huku ngoma ya hedi ikiendelea kusugua mahali pale pale. Ndiyo maana sehemu iliyopendwa huwa ndiyo iliyochakaa, na ile isiyotazamwa na mtu huwa safi. Katika mkanda mmoja mpiga picha alisahau kuzima kamera akaiweka chini uani, na kwa zaidi ya dakika tatu haionekani ila miguu, sufuria, na kuku anayepita. Nilikaribia kuiondoa. Mwenye mkanda alipoifikia aliniomba nirudishe nyuma: sauti iliyokuwa ikiagiza maji yaongezwe kwenye wali ilikuwa ya bibi yake, na hakuna mahali pengine iliporekodiwa.

Jambo moja la huku kwetu halimo katika mwongozo wa rekoda yoyote. Mikanda mingi ya harusi za pwani ina upande wa wanawake, wa kesha na wa kupakana hina, uliopigwa na mwanamke kwa ajili ya macho ya wanawake, na kazi hii haiwezekani bila mtu kukaa mbele ya skrini kutoka mwanzo hadi mwisho. Uliza kabla ya kuutia mkanda. Kwangu mikanda hiyo husimamiwa na dada yangu, na mimi hutoka nje. Wateja wanalijua hilo, na wengi hunijia kwa sababu hiyo.

Diski ikishafungwa, ijaribu kwenye kompyuta mwanzoni, katikati na mwishoni, kisha nakili yote yaliyomo kwenye diski kuu mbili zitakazokaa katika nyumba mbili tofauti. Diski za kuandika nyumbani hutegemea tabaka la rangi linaloharibiwa na mwanga na joto, kwa hiyo usiziache dirishani, usizibandike karatasi, na uandike jina kwa kalamu ya wino wa maji. Mkanda wenyewe urudishe mwanzo, uuweke wima, umkabidhi mwenyewe. Usikubali akuachie uutupe.

Pamoja na diski mimi hutoa daftari. Mwaka jana mama mmoja mzee alikaa nami karibu saa mbili, akiwa amevaa miwani ya mjukuu wake, akinitajia kila anayepita kwenye skrini: jina, mtoto wa nani, aliolewa wapi. Niliandika dakika na sekunde kando ya kila jina, nikaupiga picha kila ukurasa, nikaziweka picha hizo kwenye folda moja na video. Majina yalifika themanini na sita. Wanne hakuwakumbuka, na mbele yao nimeacha nafasi.