Uzi Hufa Kabla ya Tanga

Maswali ya wasomaji kuhusu mashua na vifaa vyake

SWALI: Nina mashua ndogo ya tanga, futi 14, niliyoinunua ikiwa kuukuu na sasa naiegesha Dunga. Tanga lake kuu ni la polista. Lilikuwa jeupe, sasa lina rangi ya chai ya maziwa. Lilichanika karibu na ukingo wa nyuma, mchaniko wa kona wa sentimita 30 hivi. Fundi cherehani alinibandikia kiraka cha turubai na kukishona kwa uzi wa nyavu. Siku ya tatu likachanika tena, pembeni kabisa mwa kiraka. Je, ninunue jipya? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Pengine hapana, ila kuna vipimo viwili vya kufanya kwanza.

Likichanika pembeni mwa kiraka, jua kiraka chenyewe ndicho kilicholikata. Turubai ni zito na gumu kuliko tanga la mashua ndogo. Upepo ukilipigapiga, kitambaa chembamba hukunjika mahali palepale turubai linapoanzia, mara maelfu, mpaka kikatike. Uzi wa nyavu nao ni nailoni, na nailoni huvutika, hasa ikilowa. Mshono unalegea huku kitambaa cha polista kikibaki kilivyo, kwa hiyo mzigo wote unaangukia tundu moja moja za sindano.

Sasa vipimo. Kwangua kwa ukucha wa kidole gumba mishono ya zamani inayounganisha vipande vya tanga. Uzi hukaa juu ya kitambaa, haujifichi, kwa hiyo jua huumaliza mapema. Na jua la Kisumu, karibu na ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, halina huruma. Uzi ukikatika kwa ukucha, rudia mshono wote kutoka ukingo hadi ukingo, hata kama umefumuka sentimita 5 tu. Kisha shika kitambaa kando ya mchaniko, uvute kama anayepasua leso vipande viwili. Kikipasuka kwa wepesi, hapo hakuna cha kushikilia sindano. Mara nyingi kinachokuwa kimekufa ni ukanda wa ukingo wa nyuma peke yake, maana ndio unaopigwapigwa zaidi. Ukanda huo unaweza kukatwa na kuwekwa mwingine. Kama hata katikati kunapasuka hivyo, basi nunua.

Kikivumilia, fumua kiraka cha turubai. Osha sehemu hiyo kwa maji safi na sabuni ya maji, ianike kivulini hadi ikauke kabisa, kisha ipanguse kwa spiriti ili mafuta ya mikono yatoke. Litandaze tanga sakafuni na ukutanishe midomo ya mchaniko bila kuivuta. Ishikilie kwa utepe wa gundi upande mmoja. Ukiivuta hapa, tanga litaota mfuko usiotoka tena.

Kiraka kizuri kuliko vyote ni kipande cha tanga jingine kuukuu la polista lenye uzito uleule au mwepesi kidogo, kikatwe upande wa mlingoti ambako halikuchoka. Kitambaa cha mwavuli hakifai, na cha mabegi ya shule huwa kimepakwa mpira kwa ndani. Kipite mchaniko kwa sentimita 4 kila upande, na nyuzi zake zielekee kama nyuzi za tanga. Ukikiweka mshazari kitavutika upande mmoja. Pembe zizungushwe kama sarafu, kwa sababu pembe kali ndiyo inayoanza kubanduka. Kata kwa kisu kilichopashwa moto: polista huyeyuka na nyuzi za ukingo hazifumuki.

Bandika kwa gundi ya utepe wa pande mbili, kisha shona kwa uzi wa polista, mshono wa kwenda upande kwa upande (zigizaga), milimita 3 kutoka ukingo wa kiraka. Cherehani ya kushona mstari mnyoofu itasaidia ukikosa nyingine, ila mshono wake hauna nafasi ya kutanuka. Sindano iwe namba 100 au 110, na hatua ya mshono iwe milimita 4 hadi 5. Wengi hushona hatua ndogondogo wakidhani wanaimarisha, kumbe wanatoboa tanga kama karatasi ya stempu. Geuza tanga, kata kitambaa kilichochakaa kuzunguka mchaniko, na ushone mstari wa pili kuzunguka tundu hilo. Kwa kuwa pako karibu na ukingo wa nyuma, kipitishe kiraka juu ya pindo na kukirudisha upande wa pili.

Kwa mkono? Inawezekana, na kwa mchaniko usiozidi sentimita 10 hata ni bora. Paka uzi nta ya nyuki ili usijisokote. Shazia ya magunia usiiguse. Ni nene mno.

Kisha kagua mlingoti na waya zake. Mara nyingi utakuta ncha ya kotapini (pini ya kufungia inayokunjwa ncha) au waya uliochomoza palepale tanga linapogusa. Ikunje, izungushie utepe, la sivyo kiraka kipya kitakutana nayo.

SWALI: Sisi huku Mbita tanga letu tumelishona kwa magunia ya plastiki. Gundi gani inashika viraka? (Mvuvi)

JIBU: Hakuna ya kutegemea. Plastiki ya magunia hayo haipendi gundi karibu yoyote, na moto huifanya ijikunyate. Shona tu: kunja ukingo wa kiraka mara mbili, piga mistari miwili iliyoachana kwa sentimita 1, na kamba ya pembeni ya tanga ishikwe kila sentimita 10. Ukilisugua gunia kati ya viganja likaacha vumbi au vipande vyeupe, ujue limeshaliwa na jua, usiliwekee kiraka. Na likichanika ziwani kwenye upepo wa alasiri, lishushe mara moja mtumie makasia. Tanga lililochanika nusu huchanika lote ndani ya dakika chache.

SWALI: Tanga la polista lina madoa meusi baada ya mvua ya masika. Nitumie jiki? (Msomaji, Naivasha)

JIBU: Kwa polista nyeupe, ndiyo: kikombe kimoja kwenye ndoo ya lita 10, dakika chache, kisha suuza sana. Kwa nailoni, kamwe, jiki huila. Usipige pasi wala kuingiza kwenye mashine ya kufulia, kwani utomvu uliolikaza utavunjika. Ukilihifadhi, liwe kavu, likunjwe mahali tofauti kila mara, na panya wasilifikie.