Kumtolea ndugu uloto: majibu kutoka kwa aliyetoa

Dada uliyeuliza kama ni kweli ukimtolea kaka yako uloto wanakutoboa uti wa mgongo na huzai tena, nakujibu kama mtu niliyetoa. Mdogo wangu aliumwa lukemia, saratani ya damu, tukampeleka India. Ndugu wote tulipimwa, tishu zangu ndizo zikalingana na zake.

Uti wa mgongo na uloto ni vitu viwili tofauti. Uloto ni ule ute mzito ulio ndani ya mifupa, na huko ndiko damu inakotengenezwa. Hata wakiuvuta kwa sindano, wanachoma mfupa wa nyonga kwa nyuma, nawe umeshapigwa nusukaputi. Mimi hata huko sikufika. Nilichomwa sindano kwa siku kadhaa mfululizo, zile zinazozisukuma seli shina, yaani seli mama zinazozaa damu, zitoke mifupani ziingie kwenye damu. Hizo zinauma, sikufichi. Kiuno na mapaja vilinivuta kama homa ya malaria inavyoanza, nikawa nameza panadol. Siku yenyewe nililala kitandani, mrija mkono huu na mrija mkono ule, damu inapita kwenye mashine, seli zinachujwa, inayobaki inanirudia. Midomo ikaanza kunichonyota. Nesi akaniambia ile dawa ya kuzuia damu isigande ndiyo inayoshusha kalsiamu, akanipa kalsiamu, ikatulia.

Kilichotoka ni kimfuko kimoja chekundu. Mdogo wangu alitundikiwa kama mtu anayeongezewa damu, bila kisu wala uzi. Seli zenyewe hutafuta njia ya kwenda mifupani. Uloto wangu ulijirudisha wenyewe, na kizazi hakiguswi popote katika shughuli hii. Mjomba wetu naye alikuwa na hofu kama yako, tukamkutanisha na daktari kwa simu, akaelewa.

Ila dada, mzigo mkubwa uko kwa mgonjwa, na hapo nataka usikilize. Nilipokuwa nauguza nilisoma sana habari za E. Donnall Thomas, daktari Mmarekani aliyeifungua njia hii. Mwaka 1957 yeye na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 6 waliopigwa mionzi kisha wakawekewa uloto wa watu wengine. Hakuna aliyevuka siku 100. Miaka ya 1960 madaktari wengi waliiacha kazi hiyo, wakaona haiwezekani. Thomas alirudi maabara kwa mbwa. Huko timu yake ikaonyesha kwamba tishu za mtoaji na mpokeaji zikilinganishwa kwanza, na mpokeaji akipewa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, baadaye, mbwa wanaishi. Mwaka 1969, akiwa Seattle, akaanza upya kwa wagonjwa wa lukemia waliokuwa na ndugu wanaolingana nao. Mwaka 1977 timu hiyo ikatoa matokeo ya wagonjwa 100 ambao dawa nyingine zote zilikuwa zimeshindwa: 13 walikuwa hai bila ugonjwa. Kwa wagonjwa wa hali ile, hao 13 ni watu wengi sana. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990, pamoja na Joseph Murray, daktari wa upandikizaji wa figo. Mkewe Dottie alifanya naye kazi miaka yote hiyo, na mimi naona anastahili kutajwa kila anapotajwa mumewe.

Nakueleza haya kwa sababu walichopambana nacho Thomas na wenzake ndicho mtakachokiona wodini. Seli zako zikishaota kwa kaka yako zinaweza kumwona yeye ndiye mgeni, zikaishambulia ngozi, utumbo na ini. Mdogo wangu alianza na vipele viganjani, kisha akaharisha vibaya. Siklosporini, dawa ya kutuliza kinga ili shambulio hilo lipungue, ilikuwa inamezwa kwa saa maalumu, na kila kipele tulikiripoti. Lakini seli hizohizo ndizo zinazowinda mabaki ya saratani. Ndiyo maana mtu akitolewa uloto na pacha wake wa kufanana kabisa hapati shambulio hilo, ila lukemia humrudia zaidi.

Kwa hiyo ukikutana na daktari, muulize: dawa za kutuliza kinga atazimeza muda gani, na zinapatikana huku nyumbani? Homa ikipanda usiku twende wapi? Chanjo za utotoni atarudia lini? Sisi bajeti yetu iliishia kwenye upandikizaji, gharama za miezi iliyofuata zikatukamata vibaya.

Na msikupime wewe peke yako. Kila ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 tu ya kulingana kikamilifu. Asipopatikana hata mmoja, ulizeni kuhusu anayelingana nusu. Mzazi au mtoto wa mgonjwa anaweza kufaa, siku hizi wanafanya. Kaka yako yuko hospitali gani sasa, na kemo, zile dawa za kuua saratani, ameshaanza?