Kabla hujamwita fundi wa santuri

Mashine yangu ya santuri ilikuja na kontena la mitumba kutoka Japani, imebanwa katikati ya majokofu na baiskeli. Nilitaka kitu cha kuchezea santuri alizoacha mzee, nyingi ni zile ndogo za 45 (mizunguko 45 kwa dakika), za bendi za Tanga kama Atomic na Jamhuri. "Inawaka hii, kaka," muuzaji akaniambia. Kuwaka iliwaka kweli.

Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230, kwa hiyo usichomeke chochote cha Japani ukutani kabla ya kusoma kibandiko cha nyuma. Hilo nililijua mapema, maana jirani yangu alishaunguza jagi la kuchemshia maji kwa namna hiyo hiyo. Nikanunua transfoma ya kushushia umeme, nikaweka santuri ya kwanza. Mwimbaji akatoka na sauti nzito, kama mtu aliyeamshwa usingizini akalazimishwa kuimba. Nikadhani mkanda unaozungusha kisahani umelegea. Nikatafuta mpya, nikafunga. Usingizi uko pale pale.

Baadaye ndipo nikafanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza: nikabandika kipande cha karatasi ukingoni mwa kisahani kinachozunguka, nikashika saa, nikahesabu mizunguko ya dakika moja. Kwenye spidi ya 33 unatakiwa upate mizunguko 33 na theluthi. Mimi nikapata 28 kasoro kidogo.

Mota za mashine nyingi za zamani hufuata mapigo ya umeme, na transfoma inashusha volti tu, mapigo haiyagusi. Japani yenyewe imegawanyika: Tokyo na upande wa mashariki wanatumia hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde, kama sisi, Osaka na magharibi hezi 60. Yangu ilitengenezewa hezi 60, hivyo kwetu ilikuwa inapoteza moja ya sita ya mwendo wake. Ningebadilisha hata mikanda kumi. Dawa yake ni puli ya mota, kile kigurudumu kinachovuta mkanda, iliyonenepa kwa moja ya tano. Nilimpelekea fundi wa leti ile ya zamani pamoja na vipimo, akanichongea nyingine. Nilipohesabu tena, mizunguko ikatimia. (Ukibahatika kupata mashine yenye mota inayoongozwa na kwatzi, kioo chenye mapigo yake yenyewe kama kwenye saa, kama Technics SL-1200MK2, hekaheka hizi za hezi hazikuhusu. Volti bado zinakuhusu.)

Tatizo la pili ndilo ninaloulizwa zaidi: "Nimeiunganisha kwenye sabufa, nasikia sauti ya mbu." Ni kweli utasikia mbu. Sindano ya kawaida inatoa takribani milivolti 5, na tundu la AUX la sabufa linasubiri mamia. Isitoshe, mifereji ya santuri inapochongwa kiwandani besi hupunguzwa makusudi ili mifereji isitanuke ikamaliza nafasi, na sauti za juu huongezwa ili zimeze mkwaruzo. Kuna kanuni ya kurudisha kila kitu mahali pake, inaitwa RIAA, ilianza kuwa ya wote miaka ya 1950. Kazi hiyo hufanywa na kiamplifaya kidogo cha fono. Amplifaya za zamani zinacho ndani, tazama nyuma kama kuna tundu lililoandikwa PHONO. Mashine nyingi za siku hizi zimejengewa chao, na swichi ya PHONO na LINE nyuma. Kwenye sabufa weka LINE. Ukiweka LINE halafu ukachomeka kwenye tundu la PHONO, sauti inakuzwa mara mbili na inapasuka vibaya. Kabla hujanunua chochote, angalia swichi hiyo.

Mngurumo wa mfululizo, mmmm, usioisha hata santuri ikisimama, mara nyingi ni ule waya mwembamba wa athi uliouacha ukining'inia. Ufunge kwenye skrubu iliyoandikwa GND kwenye amplifaya. Usiupeleke kwenye soketi ya ukutani. Mimi niliufunga na mngurumo ukabaki. Nikagundua unakua kila mkono wa sindano unaposogea kulia, na kulia ndiko nilikoweka transfoma. Niliposhusha transfoma sakafuni, kimya.

Spika moja ikinyamaza, badilishana nyaya nyekundu na nyeupe kwenye amplifaya. Ukimya ukihamia spika ya pili, kosa linatoka kwenye mashine. Ukibaki palepale, mashine haina hatia. Sisi wa pwani hewa ya chumvi inakula vile vipini vidogo vya kuunganishia nyaya nyuma ya kichwa cha sindano. Vifute taratibu kwa ufutio wa penseli.

Kuhusu kuruka: tafadhali, ondoa hiyo sarafu juu ya kichwa cha sindano. Najua wazee walifanya hivyo. Sindano nyingi za nyumbani zinataka gramu 1.5 hadi 2.5, na sarafu inachimba mifereji ya santuri ambayo hutaipata tena dukani. Zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe bila kupanda wala kushuka, weka namba za uzito huo kwenye sifuri, kisha ongeza mpaka kipimo cha sindano yako. Na mashine isikae juu ya sabufa! Besi inaitikisa sindano, sindano inairudisha besi, nyumba nzima inavuma.

Zile nzito za 78, kama walizorekodi akina Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, usiziguse kwa sindano ya LP, zile santuri kubwa za 33. Mifereji yake ni mipana karibu mara tatu, sindano ndogo inaburuza chini ya mfereji na kuzoa vumbi la miaka tisini. Usizisafishe kwa spiriti pia, inayeyusha utomvu uliotengenezea santuri zenyewe. Mzee aliacha nne. Bado ziko kwenye sanduku, nasubiri sindano yake.